Kiboko cha Mlango wa Ndama

Ryoba akija sokoni Ntimaru watu husogea kando, hata pale ambapo njia ni pana. Si kwamba huwasukuma. Ni ule mwili wake tu: shingo nene, mabega yaliyobeba magunia ya mahindi pale Isebania tangu ujana, na mikono ambayo ikishika kikombe cha chai, kikombe hakionekani. Siku moja gari dogo lilipata pancha mbele ya kibanda changu na dereva hakuwa na jeki. Ryoba aliliinua upande wa nyuma, akalishikilia hivyo hivyo mpaka gurudumu likabadilishwa, huku akiniuliza bei ya omena, dagaa ninaouza. Nilimpunguzia bila kupenda.

Mimi ni Emmaculate. Nilizaliwa Homa Bay karibu na ziwa, nikaolewa huku kwa Wakuria, na wao wananiita Nyar Nam, yaani binti wa ziwa. Wakitaka kunichokoza husema nanuka samaki. Huwajibu kwamba wao wananuka ng'ombe, kisha wananunua, na maisha yanaendelea. Wanasema pia kwamba nina mdomo. Sijawahi kukataa.

Kabla ya kuokoka, Ryoba alikuwa mkono wa iritongo. Iritongo ni baraza la ukoo: wazee hukaa, mashahidi husikilizwa, na mtu akipatikana na hatia ya kuiba ng'ombe huchapwa pale pale mbele ya watu. Kazi hiyo inahitaji mtu asiyechoka mkono, na wazee hawakutafuta mbali. Walimpa Ryoba kiboko, ukanda mrefu wa ngozi nene, mweusi kwa kushikwa, naye akakitumia miaka mingi. Mama akitaka mtoto anyamaze alitaja tu jina la Ryoba.

Ndipo likatokea la Nyamongo. Nyamongo ni fundi wa baiskeli kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, mtu wa ukoo mwingine. Ng'ombe wa watu waliibwa siku ambayo yeye alikuwa amepita upande huu, wakamshika. Alichapwa na Ryoba huku akiapa kwamba hajui lolote. Baadaye ng'ombe walipatikana kwa mtu mwingine kabisa. Wazee walituma mjumbe kusema pole, na kwa wazee mambo yakaishia hapo. Ryoba hakuvuka tena ule mto.

Alianza kuja kanisani kwetu. Alikaa benchi la mwisho, kwa sababu yale ya mbele ni mapya na hatukutaka yavunjike. Haimbi, haombi kwa sauti, anasikiliza tu. Ijumaa Kuu moja Pasta Mayaka alikuwa anaeleza jinsi Yesu alivyofungwa na kuchapwa mijeledi, na Ryoba akasimama katikati ya mahubiri. Kanisa zima likageuka.

"Pasta, nauliza," akasema. "Huyo walikuwa wanachapa, alikuwa na nguvu ya kuwarudishia?"

"Alikuwa nayo," Pasta akajibu. "Angetaka, malaika wangeshuka jeshi kwa jeshi."

"Na hakutaka?"

"Hakutaka."

Ryoba alifikiri huku amesimama. "Mimi nimechapa watu wengi," akasema. "Wengine walinyamaza, lakini walinyamaza kwa sababu walikuwa wamefungwa. Sijawahi kuona mtu ambaye angeweza kunivunja akaamua kukaa." Kisha akaketi, na benchi likalia. Kabla mwaka huo haujaisha alibatizwa, na akawaambia wazee watafute mkono mwingine. Kiboko walimwachia, maana hakuna mwingine aliyekiweza.

Sasa na mimi niseme langu. Kwa mama yangu kule Homa Bay kuna kalenda ya kanisa ukutani. Miaka yake ilikwisha kitambo lakini mama hataki iondolewe kwa sababu ya picha: Yesu mwenye nywele laini, kondoo mabegani, uso wa mtu ambaye hajawahi kugombania foleni ya maji. Nilimpenda tangu utotoni. Lakini kusema kweli, hakuwa mtu ambaye ningemtuma sokoni anitetee nikipunjwa. Nilipohamia huku mpakani, ambako mtu hulala akisikiliza ng'ombe wake, nilimwona kama mgeni ambaye hajui alikofikia.

Na sikuwa peke yangu. Vijana wa kanisa letu wanapenda somo moja tu, lile la meza za wabadilisha fedha kupinduliwa, labda kwa sababu kila mmoja wao anaamini aliwahi kupunjwa akibadilisha pesa pale mpakani Isebania. Pasta akigeukia upole, wanatazama simu. Kiongozi wao ni Tony, mtoto wa ndugu mdogo wa Ryoba, kijana mwenye moyo mzuri na damu ya moto. Yeye husema wazi: "Yesu wa upole ni wa watu wa Nairobi. Huku ukiwa mpole unabaki na kamba bila ng'ombe." Nilikuwa nacheka na kumwongezea omena.

Mambo yenyewe yalianza kwa Susana, mke wa Ryoba. Tangu aolewe alikuwa akitamani ng'ombe ambaye ni wake, si wa boma, si wa mahari ya mtu, wake wa kumwita jina na kumkamua mwenyewe. Mwaka huu maharagwe yalikubali, na Ryoba akaenda soko la mifugo la Ogwedhi akarudi na ng'ombe mwenye madoa meupe ubavuni na mimba kubwa. Dalali alikuwa amemwambia ng'ombe huyo anatoka mbali, upande wa Narok. Madalali husema hivyo kwa kila ng'ombe. Susana alimwita Madoa, akawa anamsemesha kama shoga yake, na sisi majirani tukapata la kuzungumza.

Ryoba akajenga kibanda cha ndama kabla ndama hajazaliwa. Alifanya kazi nzuri, lakini mlango haukuwa na komeo. Akaingia ndani, akatoka na kile kiboko, akakizungusha kwenye nguzo na kuufunga mlango nacho. Nilikuwepo. "Hatimaye kimepata kazi," akasema, na Susana akatabasamu siku nzima.

Asubuhi moja, baada ya manyunyu ya usiku, Madoa hakuwepo. Mti mmoja wa boma ulikuwa chini na nyayo zilikuwa wazi kwenye tope.

Lazima nieleze kitu hapa kwa asiye wa huku. Huku hakuna ng'ombe anayepotea. Kupotea ni neno la mbuzi. Ng'ombe asipoonekana ameibwa, na watu hutoka kufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji fulani, wenyeji wa kijiji hicho wana kazi moja tu, kuonyesha mahali zilipotoka kijijini. Wakishindwa, ng'ombe yuko kwao. Walipe au wajitayarishe. Na nyayo za Madoa zilishuka moja kwa moja mpaka mtoni, zikavuka, zikaingia kijiji cha Nyamongo. Vijana waliotangulia waliuliza wenyeji. Wenyeji wakasema hawajaona ng'ombe. Vijana wakazunguka kijiji chote na hakuna nyayo zilizotoka.

Nilipofika kwa Susana na beseni langu kichwani, boma lilikuwa limejaa. Tony na wenzake walikuwa na pinde na mapanga, na walimsubiri mtu mmoja. Kila mtu alijua kwamba Ryoba akitangulia watu watamfuata, na kwamba watu wakimfuata hivyo, jioni tutakuwa na matanga pande zote mbili za mto. Susana alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa akilia ng'ombe wake, lakini macho yake yalikuwa kwa mume wake.

"Baba mkubwa, sema neno," Tony akasema.

Ryoba akaniangalia mimi. "Nyar Nam, leo si siku yako ya kupeleka samaki ng'ambo?"

"Ndiyo," nikasema, na nikaanza kujuta.

"Twende pamoja. Nitauliza tu."

Mimi si wa ukoo huu wala ule kwa kuzaliwa, kwa hiyo pande zote hununua kwangu na hakuna anayenigusa. Nilielewa kwamba ananihitaji kwa sababu hiyo, na nilikasirika kidogo kufanywa ngao, mwanamke na beseni lake. Lakini nilienda, maana ukiwa na mdomo lazima pia uwe na miguu.

Ndipo Ryoba akafanya kosa ambalo hakulijua. Alienda kwenye kibanda cha ndama, akafungua kiboko mlangoni, akakikunja mkononi. Alitaka kamba ya kumrudishia ng'ombe. Ile ya zamani ilikuwa imekatika. Vijana hawakuona kamba. Waliona mkono wa iritongo umeshika kiboko chake tena baada ya miaka yote hiyo, na wakapiga makelele ya furaha mpaka kuku wakakimbia. Tulipokaribia mto niligeuka nikawakuta wote nyuma yetu.

"Rudini," Ryoba akasema.

"Tuko nyuma yako, baba mkubwa," Tony akasema. "Ukichoka kuchapa utatupokeza."

Ryoba akakitazama kile kiboko kana kwamba kimeota mkononi. "Hii? Hii ni ya kufunga ng'ombe."

Walicheka sana. Walidhani ndio utani wa watu wazima wanapoenda vitani. Akaona hawatarudi, akasema, "Basi mkae nyuma yangu. Atakayenipita, kesi yake ni na mimi." Tukavuka. Maji yalifika kiunoni na nilibeba omena yangu juu kama mtoto.

Wanaume wa ng'ambo walikuwa wamejipanga karibu na posho mill, kinu cha kusaga unga, pinde mkononi. Walipoona kiboko niliona wanawake wakivuta watoto ndani na milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Mbele yao alisimama Nyamongo mwenyewe, mwembamba, mikono yake myeusi kwa grisi.

Ryoba akasalimia. Hakuna aliyeitikia.

"Ng'ombe ya mke wangu imepotea," akasema. "Nyayo zimeingia hapa. Sisemi mtu ameiba. Naomba kuuliza tu."

Nilisikia Tony akitema mate nyuma yangu. Imepotea! Mbele ya maadui alikuwa ametumia neno la mbuzi.

"Na hicho ni cha kuuliza nacho?" Nyamongo akasema.

"Ni kamba."

"Hiyo kamba naijua. Mgongo wangu unaijua."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye nguo zetu. Ryoba hakutazama chini. "Ni kweli," akasema. "Nilikuchapa na haukuwa na kosa. Wazee walituma mjumbe. Mimi sikutuma mtu na sikuja. Leo nimekuja kwa sababu ya ng'ombe, na ningekuja zamani kwa sababu yako. Hilo ni kosa langu, si la wazee."

Nyamongo alinyoosha mkono. "Lete."

Akampa. Mimi nilimwona kwa macho yangu akikitoa kile kiboko na kukiweka kwenye kiganja cha yule mtu, kisha akavua koti lake, akanipa nilishike, akageuka. Kwa hiyo uso wake ulikuwa kwetu na mgongo wake kwa Nyamongo. Nilitaka kumwambia aache ujinga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mdomo haukufunguka.

Nyamongo akapiga. Sauti ya lile pigo sitaki kuieleza. Shati lilipasuka kutoka bega mpaka bega, na kabla sijapumua Tony alikuwa ananipita na panga juu, analia kwa hasira. Hakufika. Ryoba alinyoosha mkono mmoja tu akamkamata kifundo cha mkono, na Tony akasimama pale pale kama ndama aliyefika mwisho wa kamba. Panga likaanguka.

"Kaa," Ryoba akamwambia kwa sauti ya chini.

"Niachilie!"

"Sikuachi. Kaa."

Pinde zilikuwa zimeinuliwa pande zote mbili. Kama angemwachilia Tony, au kama angegeuka na kumshika Nyamongo, mtu ambaye yeye Ryoba angeweza kumvunja kwa mkono ule mwingine, watu wangekufa pale na mimi na beseni langu katikati. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama, mgongo kwa yule anayempiga, mkono kwa yule anayetaka kumtetea, na mishipa ya mkono ule ilikuwa imetoka kwa kazi. Niliiona. Nguvu zake zote, zile za magunia na za kuinua gari, hazikuwa zimeenda popote. Alikuwa anazitumia zote, na alikuwa anazitumia kutuzuia sisi watu wake. Nililia pale, na sikujali nani anaona.

Nyamongo aliinua kiboko mara ya pili. Kilikaa juu. Mgongo ule mpana ulikuwa mbele yake, haukujikunja wala haukumwomba. Kisha mkono wake ukashuka wenyewe.

"Geuka," akasema.

Ryoba akageuka, Tony bado mkononi.

"Imetosha?" akamuuliza.

"Sijui," Nyamongo akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli.

"Kama haijatosha, mimi niko. Kama imetosha, nirudishie. Sina kamba ingine."

Mzee mmoja wa ng'ambo alianza kucheka puani, akajizuia, akashindwa. Wengine wakatazamana. Na hapo ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka nyuma ya posho mill: "Iko kwangu."

Alikuwa Filister, mjane, mteja wangu wa miaka mingi, mwanamke ambaye hanunui omena bila kuonja mbili. Alikuwa amejifunga leso kiunoni.

"Hii ng'ombe ilikuwa yangu," akasema. "Niliuza kwa dalali kabla ya mvua, akapeleka Ogwedhi. Leo asubuhi nimeamka, iko nyuma ya jikoni, inazaa. Imerudi yenyewe. Nimeuza ng'ombe, pesa nimekula, na ng'ombe iko kwangu: nani angeniamini? Nikafagia nyayo, nikanyamaza." Akamtazama Ryoba. "Nimeona umepigwa na haukupiga. Nikasema basi, hata mimi hatanipiga."

Tulienda wote nyuma ya jikoni kwa Filister, vijiji viwili vyenye silaha. Madoa alikuwa amesimama chini ya migomba akimlamba ndama, jike, mwenye madoa ya mama yake na masikio makubwa kuliko kichwa. Hakuna kitu kinachomnyamazisha Mkuria kama ndama mzuri. Watu waliegemeza pinde kwenye ukuta wa jikoni ili waone vizuri. Wakaanza kubishana kuhusu kwato na chuchu, na baada ya muda mfupi usingejua nani ametoka upande gani. Yule mzee wa kucheka akaanza tena: ng'ombe wa kutoka Narok, kumbe ameuzwa hapa, akatembezwa mpaka Ogwedhi, akanunuliwa na jirani wa kuvuka mto, na yeye mwenyewe akaona huu ni upuuzi akarudi kuzalia nyumbani. Kicheko kilienea. Hata Tony alicheka, huku anasugua kifundo cha mkono.

Filister akatupikia uji. Nyamongo alikaa mbali kidogo na kiboko magotini, akikigeuza geuza. Ryoba akaenda akaketi karibu naye na kikombe chake. Sikusikia walichosema, na wanaonijua wanaelewa jinsi hilo lilivyoniuma. Niliona tu kwamba walizungumza muda mrefu na kwamba mara moja Nyamongo alifuta macho kwa ile mikono ya grisi, akabaki na uso mweusi.

Wakati wa kurudi Madoa aligoma. Wakamfunga kiboko kwenye pembe, wakavuta, wakasukuma, hakusogea hata hatua. Ryoba akasema mwacheni. Akamwinua ndama na kumweka mabegani, na ndama akamkojolea shingoni papo hapo, tukapata kicheko kingine. Nyamongo akakifungua kiboko kwenye pembe, akaja nacho. Alimfunga ndama miguu minne mbele ya kifua cha Ryoba, taratibu, na kabla ya kukaza fundo alipita nyuma, akainua tumbo la ndama kidogo na kulisogeza juu ili lisilale kwenye kidonda. Ryoba akatangulia, na Madoa akamfuata bila kamba, pua yake kwenye kiwiko cha mtu.

Tulipovuka mto Tony alimfikia Ryoba mbele. Akasema, "Baba mkubwa, nipe nibebe. Mgongo wako unatoka damu."

Ryoba alimpa. Tony ana nguvu, anacheza mpira, analima. Alimbeba ndama kwa madaha mpaka ile mikaratusi iliyo juu ya mto. Ndama akirusha miguu, anainama. Madoa akimsukuma na pembe, anayumba. Mwishowe akapiga magoti na kumshusha kwenye nyasi, jasho likimtoka.

"Sikujua ni mzito hivi," akasema.

Ryoba hakumcheka. Alichuchumaa, akamwinua tena, akamrudisha juu ya kile kidonda, safari hii bila mtu wa kumsogezea, na tukaendelea na njia. Susana alikuwa amesimama langoni. Alimwona ng'ombe wake, akamwona ndama, kisha akazunguka nyuma ya mume wake akaona shati. Alienda kuchemsha maji ya chumvi.

Madoa amerudi kwa Filister mara mbili tangu wakati huo. Sasa Nyamongo hupiga simu tu na kusema, "Mgeni wenu amefika," na Susana huvuka kumchukua, akakaa huko mpaka jioni kwa maneno ya wanawake. Mlango wa ndama unafungwa kwa kiboko kama zamani. Tony anaendelea kupenda somo la meza zilizopinduliwa, ila Pasta akifikia upole haangalii simu tena. Husikiliza huku amejishika kifundo cha mkono, na sijui kama anajua kwamba anafanya hivyo.

Mimi mwezi uliopita nilienda Homa Bay kumwona mama. Nilipoingia nilisimama mbele ya ile kalenda, sikuutazama uso. Nilitazama mabega, jinsi shingo ilivyoinama, jinsi vidole vilivyokamata miguu ya yule mnyama. Mama aliniuliza ninatafuta nini huko ukutani wakati chai inapoa.

"Mama," nikasema, "huyu kondoo ni mzito."

"Sasa wewe," mama akasema, "miaka yote hii ulikuwa unafikiri amebeba nini?"